Saa Nne ya Mwasiti

Mtaani kwao Geita, kadi ya harusi ikiandikwa saa nane mchana, na watu wakasikia kwamba kamati inasimamiwa na Mwasiti, hakuna aliyekuwa na haraka. Wanawake walifua, wakaanika, wakapika cha mchana, wakajinyoosha kidogo, ndipo wakaanza kutafuta kiatu cha pili. Saa kumi walitoka nyumbani wakinukia, na wakifika ukumbini wanakuta maharusi ndiyo kwanza wanashuka garini. Hakuna aliyewahi na hakuna aliyechelewa. Mtaa mzima uliita hiyo saa ya Mwasiti.

Siri yake haikuwa siri. Mwasiti alijua watu watachelewa, kwa hiyo aliandika saa ya mapema. Watu walijua kwamba ameandika ya mapema, kwa hiyo walijiongezea. Naye alijua kwamba wanajua, basi akavuta nyuma kidogo tena, na mambo yakaenda. Ukimwuliza kama huo si uongo, alicheka na kusema kwamba mtu wa Geita ukimwambia saa ya kweli unamwonea, maana hajaizoea.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye sauti iliyokwisha kuzoea kushindana na muziki. Marehemu baba yake alikuja Geita na robota za vitenge kutoka pwani, mama yake ni Mmanyema wa Ujiji, naye akizungumza na Wasukuma huwezi kumtofautisha nao. Aliwahi kukaa mapokezi ya gesti, kisha akasimamia karasha ya mjomba wake. Karasha ndiyo ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na foleni yake ni ya watu wenye vumbi, njaa na matumaini, kila mmoja akiamini kwamba jiwe lake ndilo lenyewe. Mwenye kuweza kuwapanga wale bila ngumi kurushwa anaweza kumpanga mtu yeyote.

Lakini jina lake alilipata kwenye kamati. Harusi, kipaimara, maulidi, hata misiba, wote walimfuata yeye, Mwislamu kwa Mkristo. Alijua nani apewe nyama azigawe na nani asisogezwe karibu nazo. Alijua mpishi yupi apigiwe simu mara mbili na yupi ukimpigia mara mbili anasusa. Malipo yake yalikuwa kitenge, chakula cha kubeba, na “Mungu akuzidishie.”

Mama yake aliyaona yote hayo kuwa ni kutembea tu. Mtu akija kumwulizia binti yake, mama alijibu kutoka uani bila kuinua macho kwenye mchele anaochambua: “Hayupo. Yuko kwenye shughuli za watu.” Neno kazi halikupita mdomoni mwake kwa habari ya Mwasiti tangu karasha ya mjomba ilipofungwa. Jambo hilo lilimuuma Mwasiti kuliko alivyoonyesha. Hakutaka makubwa. Alitaka kile anachokiweza, siku moja, kiitwe kazi.

Aliyemsukuma ni rafiki yake Zuhra, mwenye duka la kukodisha maturubai, viti na mapambo ya harusi. Zuhra alisikia kwamba shirika moja linatafuta msimamizi wa mradi, wa kujenga nyumba ya wajawazito kusubiria kujifungua kwenye zahanati ya kijiji cha Nyamalulu, barabara ya kwenda Ushirombo. Mwasiti alicheka mpaka akashika kiti. Mradi yeye, ameusomea wapi? Zuhra akamwambia ajaribu tu, kuuliza si ujinga, na kama wakimkataa duka lipo, watakaa wakunje vitambaa pamoja.

Aliyewasaili waombaji ni mhandisi wa shirika, Suzana, mwanamke mkimya wa Bukombe aliyevaa miwani na viatu vya kazini. Alimwuliza Mwasiti ana uzoefu gani wa kusimamia miradi. Mwasiti nusura aseme hana. Badala yake akajikuta anasimulia harusi moja ambayo mpishi mkuu, usiku wa kuamkia sherehe, alisikia dhahabu imetoka mahali fulani porini, akaacha mchele haujaoshwa na kukimbilia huko na mwiko wake. Yeye aligawa ule mchele kwa nyumba za jirani, kila nyumba sufuria moja, viungo akavipima mwenyewe, na mchana wageni wakala pilau ya mikono mingi bila kujua. Suzana aliuliza maswali kama mtu anayekagua ukuta: alizigawaje nyumba, alimtuma nani azizungukie, angefanya nini kama nyumba moja ingeunguza. Mwasiti alikuwa na jibu la kila swali, kwa sababu nyumba moja iliunguza kweli.

Alipewa kazi, lakini ya majaribio. Nyumba ikikabidhiwa vizuri na kwa wakati, anapata mkataba wa kudumu. Ikiwa sivyo, wanashukuriana na kila mtu anashika njia yake. Mama alipoambiwa alisema, “Haya, tutaona,” akaendelea na mchele.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Fundi mkuu, Donatus, alikuwa na mkono mzuri wa kujenga na ulimi mbaya wa kusema kesho. Mwasiti alikwisha kuwaona wa namna hiyo kwenye karasha, na hakumwuliza hata mara moja atamaliza lini. Alimwuliza akimaliza hapa anaanza wapi, na pale anahitaji nini, kisha akakileta kabla hajakiombea udhuru. Msingi ulichimbwa na vijana wa kijiji kwa majembe na ngoma, kama wanavyolimiana mashamba. Mtu mwingine angeona mpiga ngoma amekaa bure. Mwasiti alimpelekea yeye kwanza maji ya kunywa, kwani alijua ngoma ikinyamaza majembe nayo yanakaa kitako. Vikao vyake vilikuwa vifupi na kila mtu alitoka akijua lake. Akaanza kuamini kwamba mradi ni harusi isiyo na bibi harusi.

Hapo ndipo alipojikwaa.

Saruji ilinunuliwa Tinde, kwa mzee Ngusa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani na lori moja kuukuu analolipenda kuliko ndugu zake wengine. Ngusa ni Msabato, hanywi, havuti na hakawii, lakini hilo la mwisho Mwasiti hakulijua. Stoo ya kuwekea saruji ingepauliwa Alhamisi. Mwasiti akapiga hesabu zake za siku zote. Mwenye lori ukimwambia Jumatatu, Jumanne gari litaharibika, Jumatano ataenda msibani, Alhamisi ndiyo atatokea akiomba radhi. Basi akamwambia Ngusa alete Jumatatu. Hakumwambia Donatus, hakumwambia mtu yeyote.

Jumatatu asubuhi, jua halijapata nguvu, honi ikalia kijijini. Ngusa alishuka amevaa shati lililonyooshwa, akamsalimu kwa Kisukuma, “Mwangaluka,” naye akaitikia mwangaluka huku macho yake yakikimbilia stoo. Stoo ilikuwa kuta tupu. Turubai la mradi lilikuwa na matundu ya kutosha kuchuja uji. Na upande wa ziwani wingu lilikuwa limesimama, jeusi, lile la mvua za vuli ambalo halibembelezwi.

Alimwamkia tena mzee vizuri, “Shikamoo,” ili apate muda wa kufikiri. “Marahaba,” akasema Ngusa, akatazama kuta, akatazama wingu.

Mwasiti hakulia. Kwenye harusi anayelia ni mama wa bibi harusi, mwenye kamati hana nafasi hiyo. Alikumbuka kwamba jana yake kulikuwa na harusi Katoro, na mapambo yalikuwa ya Zuhra. Akampigia. Zuhra alikuwa hapo hapo Katoro na wafanyakazi wake wakifungua kamba, gari lao la kubebea halijafika. Mwasiti akamwambia asifungue zaidi ya hapo, alete maturubai yote, na jukwaa la maharusi pia.

“Kwa gari gani?” akauliza Zuhra.

Ngusa aliyasikia hayo. Alikuwa na mteja mwingine anayemsubiri mbele ya safari, lakini alisema hawezi kumwacha mtu na saruji chini ya mbingu. Walishusha mifuko upesi, vijana wa ngoma wakisaidia, kisha mzee akaligeuza lori lake na kwenda Katoro. Aliporudi matone yalikuwa yameanza kuchora vumbi. Kijiji kizima kilishika kamba. Jukwaa likawekwa chini, saruji ikapandishwa juu, maturubai yakasimama, na mvua ikateremka kwa hasira ya mtu aliyecheleweshwa. Vitambaa havikuwa vimetolewa, wala hapakuwa na muda wa kuvitoa. Kwa hiyo saruji ya shirika ikakaa jukwaani, imezungukwa na satini nyeupe na ya zambarau na maua ya plastiki, na akina mama waliopita wakienda zahanati waliuliza ni nani anaolewa Jumatatu.

Suzana alifika kesho yake, mvua bado inanyesha. Alisimama mlangoni mwa turubai akafuta miwani, akaivaa, akaifuta tena. Mifuko michache ya pembeni ilikuwa imelowa na kuwa mawe. Mingine ilikuwa salama.

“Huyu mzee wa Tinde,” akasema mwishoni, “alileta kabla ya siku yake?”

Mlango wa kujitoa lawamani ulikuwa wazi kabisa. Ngusa yuko Tinde, hayupo hapa kujitetea. Ingetosha Mwasiti kuitikia kwa kichwa tu, na shirika lingetafuta muuzaji mwingine na yeye angebaki na majaribio yake bila doa. Alifikiria mkataba. Alimfikiria mama na mchele wake. Kisha akaliona lile lori likigeuka kwenda Katoro, na mzee amenyoosha shati lake.

“Hapana, Injinia,” akasema. “Alileta siku niliyomwambia. Mimi ndiye niliyemwambia siku ya uongo.”

Akaeleza yote, saa ya Mwasiti na hesabu zake. Suzana alivuta kiti cha plastiki kilichofungwa utepe nyuma, akaketi, akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Halafu akauliza kama ile tarehe ya kukabidhi jengo, ambayo Mwasiti alimpa, ni ya kweli au nayo ni ya harusi.

Mwasiti akatazama chini. “Ya harusi,” akasema. “Tunaweza kumaliza mapema zaidi.”

“Siku za akiba kila mradi unazo,” akasema Suzana. “Hata mimi naziweka. Lakini naziweka mezani, kila mtu anaziona. Wewe umemficha kila mtu kivyake, ndiyo maana jana ulibaki peke yako na wingu.”

Akaagiza tarehe iwe moja kwa watu wote. Wakaipanga papo hapo, wawili wao, mvua ikipiga juu ya turubai: jengo litakabidhiwa Alhamisi fulani, saa nne asubuhi. Saa nne ikifika shughuli inaanza. Mkataba, akasema, watauzungumza baada ya hapo.

Jioni ile Mwasiti alimpigia Ngusa kuomba radhi. Mzee akasema aliambiwa Jumatatu akaja Jumatatu, angeambiwa Alhamisi angekuja Alhamisi, na haoni ugumu uko wapi. Mwasiti alicheka kwa aibu. Kweli haukuwepo.

Ugumu ulikuwa kuaminiwa. Alitundika ubao ukutani, akaandika kila kazi na siku yake, na pembeni kwa chaki nyekundu akachora siku za akiba, kila mtu aone. Donatus aliusoma ubao kwa heshima zote, kisha akamvuta pembeni na kumwuliza mbao zinakuja lini hasa. Jumatano, akasema Mwasiti, kama ilivyoandikwa. Donatus akatabasamu kama mtu anayejua siri, na Jumatano mbao zilipofika yeye alikuwa Ushirombo kwenye kipaimara cha mpwa wake. Zamani Mwasiti angempigia kelele. Safari hii alimngojea, akampa kitambaa, akamwomba afute mwenyewe siku moja nyekundu mbele ya wenzake. Donatus alifuta. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliutazama ubao kabla ya kuchukua mwiko, na siku nyekundu zilizobaki akazilinda kama kuku wake.

Ilipokaribia Alhamisi yenyewe, Mwasiti alipita nyumba kwa nyumba. Saa nne, aliwaambia, na safari hii ni saa nne. Chakula kitakuwa saa saba. Watu waliitikia kwa uchangamfu ambao aliujua vizuri mno. Mwenyekiti wa kijiji, Marselino, aliahidi kuwa wa kwanza, huku mke wake akimwuliza mwanamke mwenziwe kwa sauti ya chini kama saa sita itafaa. Jina la Mwasiti lilikuwa limefika Nyamalulu kabla yake.

Akamwomba na mama aje. Mama aliinua macho kutoka kwenye ungo.

“Saa nne hiyo ni yako au ya kweli?”

“Ya kweli, mama.”

Mama akarudi kwenye mchele.

Alhamisi ilifika na jua safi. Maturubai ya Zuhra yalisimama mahali pake halali, viti vimepangwa. Saa nne ilipokaribia, kwenye viti vile aliketi mama, amevaa buibui lake la Idi, ametoka Geita alfajiri. Aliketi mzee Ngusa, aliyekuja kutoka Tinde kwa sababu alialikwa. Alikuwepo Donatus na mafundi wake, Zuhra, muuguzi wa zahanati, na wajawazito wachache waliokuwa hapo tangu jana. Viti vingine vyote vilikuwa vyeupe na vitupu. Suzana alishuka garini pamoja na daktari wa wilaya, akavitazama viti, akatazama saa yake, akamtazama Mwasiti.

Hapo Mwasiti aliumia kweli. Wale ambao hawakuwepo ndio waliochimba msingi, ndio walioshika kamba mvua ikija. Kuanza bila wao kulikuwa kama kula kabla ya mwenye nyumba. Alitamani dakika kidogo tu, anywe maji, aseme kipaza sauti kina tatizo. Angeweza, na hakuna ambaye angemlaumu. Na kesho Donatus angeenda tena kwenye kipaimara, na muuzaji mwingine angeambiwa Jumatatu. Alimwona mama amekaa wima, mkoba mapajani, anamtazama yeye tu.

Akachukua kipaza sauti. “Saa nne imefika,” akasema. “Karibuni, tuanze.”

Ilikuwa shughuli fupi na nzuri. Daktari alisema machache. Mwasiti alimshukuru Ngusa kwa jina, na mzee akasimama akakaa. Utepe haukukatwa na mkubwa yeyote. Ulikatwa na mama mmoja mwenye tumbo la kumalizia mwezi, akaingia ndani akachagua kitanda cha dirishani, akajilaza hapo hapo akisema yeye hatoki tena.

Jua lilipofika utosini, ngoma ikasikika njiani. Kijiji kilikuja kimependeza, Marselino mbele na koti lake, wakakuta viti vinakunjwa na gari la daktari limekwisha kuondoka. Ngoma ikanyamaza yenyewe.

“Mwasiti,” akasema Marselino, “si ulisema saa nne?”

“Nilisema saa nne, mwenyekiti.”

Marselino akamtazama mkewe, mkewe akamtazama mwenziwe, na aliyeanza kucheka ni mpiga ngoma. Mwasiti akawaonyesha masufuria. Chakula saa saba, kama alivyosema, na saa saba bado. Wakakunjua viti walivyovikuta vimekunjwa, wakacheza mpaka pilau ikapakuliwa, na wajawazito wakawatazama madirishani. Suzana naye alibaki, akala, na alipokuwa anafunga mlango wa gari alimwambia Mwasiti afike ofisini Jumatatu saa mbili, mkataba utakuwa tayari.

Jumatatu hiyo asubuhi, akina mama watatu walibisha hodi nyumbani kwao Geita. Kulikuwa na harusi, walisema, na kamati bila Mwasiti haiwezekani.

Mama alikuwa uani na ungo wake. “Hayupo,” akasema.

Wakauliza kama yuko kwenye shughuli za watu.

Mama aliuweka ungo chini, akapangusa mikono, akatoka mpaka mlangoni ili wamwone vizuri.

“Yuko kazini,” akasema. “Anatoka saa kumi. Na mkija, mje saa kumi.”